Mwuguzi Anaporudi Chuoni

Watu wengi hudhani kwamba mwuguzi akisha kupata kazi, masomo yake yamekwisha. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka shangazi yangu, mwuguzi mwenye shahada katika kituo cha afya kimoja si mbali na Kibaigwa, aliposema anataka kurudi chuoni.

Ngazi za uuguzi hapa kwetu ni hizi: stashahada huchukua miaka mitatu, na shahada ya kwanza minne. Juu yake iko shahada ya uzamili, ambayo hufundishwa Muhimbili.

Huko Marekani, mwaka 1965, mwuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya kumwezesha mwuguzi kupima na kutibu mahali penye upungufu wa madaktari. Walianza na watoto. Watu wazima wakafuata. Siku hizi mafunzo hayo hutolewa katika ngazi ya uzamili au zaidi. Kwetu kazi hiyo walipewa matabibu. Katika miaka ya 1960 ulianza mpango wa kumwongezea tabibu mzoefu masomo ya miaka miwili, akawa daktari msaidizi.

Je, mwuguzi wa kijijini ana haja gani ya elimu kubwa hivyo? Nitaeleza kwa mfano wa babu. Msimu mmoja alipeleka mahindi yake soko la Kibaigwa, akarudi akicheka. Shangazi akampima, akakuta shinikizo la damu limepanda sana. Babu hakusikia maumivu yo yote! Maradhi haya, pamoja na kisukari, hayaishi kwa sindano moja. Yataka mtu wa karibu, ajuaye kupima mara kwa mara, kutambua figo au macho yanapoanza kuharibika, na kumpeleka mgonjwa hospitali mapema. Kwenda Dodoma kila mara ni nauli na siku nzima ya kulima.

Lakini baba alimwuliza shangazi, "Ukienda wewe, wagonjwa wako utamwachia nani? Na ukisha kusoma, si utabaki mjini kama wengine?" Shangazi alinyamaza. Naona swali hilo ni la haki, maana elimu ikiishia mjini, kijiji kimepoteza mara mbili.

Babu ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Nenda, mwanangu. Watoto wako nitakaa nao mimi. Ila urudi, maana dawa zangu ni za kila siku."