Sarafu Zinavyodumu na Namna ya Kuzitunza

Katika bweni letu wako wanafunzi wanaoweka sarafu za zamani masandukuni mwao, wakitumaini kwamba siku moja zitawalipia karo. Wengine huzisugua kwa majivu na ndimu ili zing'ae, wapate bei nzuri. Mimi nakusanya sarafu tangu kidato cha kwanza, na napenda kuwaeleza mambo mawili: kwa nini sarafu hudumu, na kwa nini nyingine hutafutwa na wakusanyaji na nyingine hazitafutwi.

Tuanze na kudumu. Noti ni kitu laini. Hukunjwa, hulowa jasho, huchanika. Ndiyo maana mwaka 2014 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa sarafu ya shilingi 500 ichukue mahali pa noti ya thamani hiyo. Hapa kwetu Uganda, sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500 zilianza na tarehe ya mwaka 1998. Tazameni chenji zenu: mkipata ya mwaka huo, mtaona kwamba samaki wa shilingi 200 au korongo mwenye taji wa shilingi 500 bado anatambulika.

Uimara huo watokana na ukingo na madini. Ukingo wa sarafu umeinuka kidogo, basi sarafu zinaposuguana mfukoni, ukingo huumia kwanza na picha husalimika. Ama madini, sarafu ya shaba iliyochanganywa na nikeli ni moja nje na ndani. Hulika polepole, wala haishiki kutu. Lakini sarafu nyingi za siku hizi ni za chuma kilichopakwa nikeli, maana chuma ni rahisi. Ngozi hiyo ikikwaruzika, maji na jasho hukifikia chuma, na kutu huanza kuila sarafu kutoka ndani. Mkitaka kuzitambua, chukueni sumaku. Shilingi 100 nyingine zitashikwa na nyingine hazitashikwa, ingawa ng'ombe mwenye pembe ndefu ni yule yule. Kwa mkusanyaji hizo ni sarafu mbili mbalimbali.

Sasa tuje kwenye thamani. Watu wengi hudhani kwamba sarafu ikiwa ya zamani, au ikiwa na jina la mfalme, basi ni mali. Sivyo. Zitazameni senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zenye tundu katikati. Zina jina la Mfalme Edward VIII, aliyetawala miezi isiyotimia kumi na mmoja, akaacha kiti mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Mtu husema, "Mfalme wa muda mfupi, sarafu yake ni adimu!" Kumbe zilipigwa kwa mamilioni huko London na Birmingham. Zile za Birmingham zina alama ya H au KN. Za London hazina alama. Zimebaki nyingi mno, na iliyochakaa hupatikana kwa bei ndogo tu. Vivyo hivyo shilingi ya simba iliyopigwa kati ya mwaka 1921 na 1946: ni kweli ina fedha ndani yake, lakini ni robo tu, sehemu tatu zilizobaki ni madini mengine.

Anachotafuta mkusanyaji ni uchache pamoja na hali nzuri. Huitazama sarafu kwa kioo cha kukuzia, akianza na sehemu zilizoinuka, kama manyoya ya simba au nywele za mfalme, kwa kuwa hizo hulika kwanza. Anayesugua kwa majivu huziondoa sehemu hizo kwa mkono wake mwenyewe, na hazirudi tena. Mwenzetu mmoja alisugua shilingi saba alizopewa na nyanya yake mpaka zikang'aa kama kioo. Mnunuzi alizitazama mara moja, akaona mikwaruzo, akazirudisha. Nyanya alizitunza maisha yake yote. Mjukuu alizimaliza kwa jioni moja.

Kwa hiyo nawashauri hivi. Kwanza, msisugue sarafu kwa kitu chochote. Ikiwa na tope, iloweni katika maji safi, kisha muikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini. Pili, ishikeni kwa ukingo, maana vidole vina jasho. Tatu, kila moja iwekwe katika bahasha yake ya karatasi kavu, wala si katika plastiki laini, ambayo huweza kuitia utando wa kijani. Nne, andikeni daftarini nchi, thamani, mwaka, alama, na mahali mlipoipata.

Tena, msingoje urithi wa babu. Kwa shilingi 850 mwanafunzi aweza kupata moja moja ya zile sarafu nne nilizotaja. Achague zilizo safi sasa, wakati ambapo nyingi bado zapatikana, kwani zote zinalika kila siku sokoni. Karo na itafutwe kwingine. Faida ya sarafu hizi ni kujifunza historia na madini kwa kitu kinachoshikika mkononi. Wazee walisema akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba ya sarafu yaweza kusuguliwa ikaisha.