Golf GTI ya zamani: Usajili rahisi, mshahara mzito

DIRISHA la usajili likifungwa, kuna dirisha jingine hufunguka kimyakimya. Kijana amesaini mkataba wake wa kwanza wa maana, mkwanja umeingia, anashika simu na kuanza kuperuzi magari ya mtumba kutoka Japan.

IST anaipita. Vitz anaipita. Macho yanagota kwenye Golf GTI ya mwaka 2007, rangi nyekundu, viti vya draftidrafti, rimu kubwa. Bei ya kule Japan haitishi hata kidogo. Anajiona ameula.

Kumbe mechi ndiyo kwanza inaanza.

Gari hili ni sawa na straika mkongwe anayepatikana kwa bei chee. Jina analo, mbio bado anazo, na siku akiamka vizuri anafunga. Ila klabu isiyo na daktari wala bajeti ya matibabu itamlipa huku akiwa amekaa jukwaani na barafu gotini.

WATOTO WA WOLFSBURG
Kwa mashabiki wa soka, Golf si mgeni. Inatengenezwa Wolfsburg, Ujerumani, mji wenye timu inayomilikiwa na Volkswagen wenyewe. Msimu wa 2008/09 VfL Wolfsburg ilibeba ubingwa wa Bundesliga chini ya Felix Magath. Grafite alifunga mabao 28, Edin Dzeko 26. Wawili tu, mabao 54. Bayern Munich walipigwa 5-1 pale Wolfsburg, na Grafite akamaliza kazi kwa kisigino baada ya kuwalamba mabeki.

Mwaka huohuo wa 2009 ndipo Golf GTI ya kizazi cha tano, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2004, ilipompisha mdogo wake wa kizazi cha sita. Maana yake hata ile changa kabisa ya kizazi hicho leo imekula chumvi nyingi.

Ubora wake haubishaniwi. Injini ya lita mbili yenye turbo inatoa nguvu ya farasi 200, na ile ya giaboksi ya DSG inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 7 hivi. Kwa gari dogo la kubebea mboga na begi la mazoezi, huo ni moto.

MAJERAHA YAKE
Jeraha la kwanza ni la siri. Ndani ya injini hiyo kuna kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kemshafti na pampu ya petroli ya presha kubwa. Kinaenea kwenye kiganja na bado nafasi inabaki. Kazi yake ni kusuguliwa, na kadri kinavyosuguliwa kinaisha. Kikitoboka, kemshafti na pampu vinaanza kulana. Kubadilisha kikombe ni hela ndogo, kubadilisha kemshafti na pampu ni kilio. Fundi anayeijua injini hii hukifungua na kukitazama mara kwa mara, hasusubiri kelele.

La pili ni mkanda wa taimingi. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, pistoni zinagongana na valvu na injini imekwisha. Muuzaji akisema mkanda ulishabadilishwa lakini hana karatasi, uhesabu haujabadilishwa.

La tatu ni koili za plagi. Ziko nne, na moja ikifa gari linaanza kumisi, linatetemeka kwenye foleni na taa ya injini inawaka. Hili si la kutisha, ila ukilipuuza na kuendelea kukanyaga, petroli isiyoungua inakwenda kuharibu mfumo wa moshi.

La nne ni upepo wa turbo. Kuna valvu yenye utando laini ambao ukichanika upepo unavuja. Mara nyingine gari haliwaki taa wala halipigi kelele, linakuwa zito tu, kama winga aliyerudi kutoka likizo na kitambi. Wengi wakifika hapo wanauziwa turbo nzima kumbe shida ni kifaa kidogo.

La tano ni masizi. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa na kuzisafisha. Miaka ikienda masizi yanajaa, gari linakosa pumzi na asubuhi linawaka kwa tabu. Dawa yake ni kufungua na kusafisha kwa mkono, kazi ya siku nzima.

La sita ndilo linalotoboa mfuko. DSG inahitaji oili yake maalumu na filta kila kilomita 60,000. Wengi huku huambiwa oili ya giaboksi haibadilishwi. Giaboksi inaanza kushtuka ikiingia gia ya kwanza na ya pili, kisha ubongo wake unaoendesha klachi unakufa. Hapo bili inaweza kulingana na kipande kikubwa cha bei ya gari lenyewe.

MSHAHARA WAKE
Kabla hata ya fundi kuna bandari. Gari lililozidi miaka 10 likiingia Tanzania linatozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, ukiacha ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Ile bei ya kwenye simu ilikuwa ada ya uhamisho tu.

Halafu inakuja oili. Turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoilinda ni oili safi. GTI inataka oili ya sintetiki yenye viwango vya Volkswagen, siyo yoyote iliyopo kwenye dumu. Injini ya umri huu pia inakunywa oili, kwa hiyo kijiti cha kupimia kinachomolewa kila wiki.

Spea nazo ni habari nyingine. Ya IST utaipata duka lolote Kariakoo ukiwa na kandambili. Ya GTI mara nyingi inaagizwa, na gari linasubiri gereji. Kwa mchezaji hiyo ni bodaboda kila asubuhi, na siku akichelewa mazoezini anakatwa faini juu ya bili ya fundi.

VIPIMO KWANZA
Hakuna klabu makini inayosajili bila vipimo vya afya. Aliyekwishaipenda GTI basi aipeleke kwa fundi wa magari ya Ujerumani mwenye mashine ya kusoma makosa yote, siyo injini peke yake. Akiwashe chuma kikiwa cha baridi, afungue kile kikombe, asikilize giaboksi ikipanda gia taratibu. Kilomita za kwenye dashibodi zisimlewesha, zinarudishwa nyuma. Karatasi za huduma hazidanganyi kirahisi.

Baada ya hapo atenge fungu la pili kabla hajalipa la kwanza: mkanda, oili zote mbili, koili na plagi, vyote vibadilishwe mwezi wa kwanza. Na akitoka mbio ndefu, aache injini iungurume dakika moja kabla ya kuizima, turbo ipoe.

Fungu hilo likiwepo, GTI itamlipa kwa raha ambayo magari mengi mapya madogo hayana. Likiwa halipo, na mkataba wenyewe ni wa msimu mmoja, IST bado zimejaa yadi. Hakuna atakayegeuza shingo ikipita, ila saa 1 asubuhi itakuwa imeshaegeshwa uwanja wa mazoezi.