Gari la Z na Mzigo wa Anasa

Wasomaji wetu walio watu wazima hapana shaka wanayakumbuka Mashindano ya Safari ya mwaka 1971, pale Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye pua ndefu, lilipotoka katika tope na vumbi la Afrika Mashariki na ushindi mikononi mwa Edgar Herrmann. Mwaka 1973 likashinda tena. Safari hiyo dereva alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyemaliza sawa kwa pointi na Harry Källström wa Datsun nyingine, hata ikabidi itazamwe ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza.

Leo twalitaja gari hilo kwa sababu ya yale yaliyolifika baadaye. Kampuni ya Nissan ilipolitoa huko Japani mwishoni mwa 1969, kwa jina la Fairlady Z, uzito wake ulikuwa kilo 1,000 hivi tu. Huko Marekani, ambako Yutaka Katayama alilikataa jina hilo na kulinadi kama 240Z, bei yake ilikuwa dola 3,500 hivi, nayo haikumtisha mtu wa mshahara aliyejiwekea akiba. Magari ya kizazi hicho cha kwanza yaliuzwa zaidi ya nusu milioni.

Ndipo ukaanza ukarabati. Mwaka 1978 ilikuja 280ZX, pana na laini, yenye starehe tele; katika miaka yake ya mwisho baadhi ya magari hayo yalimwonya dereva kwa sauti ya mwanamke kwamba mlango u wazi, kana kwamba hana macho. Ugonjwa huu wa kuongeza pasipo kupunguza si wa wahandisi peke yao. Zipo ofisi zinazoujua vema. Mwaka 1983 ikafuata 300ZX ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, na ile ya 1989, ambayo sisi twakiri kuwa ni nzuri mno kwa sura, ikawa na turbo mbili na nguvu za farasi 300. Lakini uzito wake ulikwisha pita kilo 1,500, yeni nayo ikapanda thamani, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 bei huko Marekani ilizidi dola 35,000. Yule mtu wa mshahara alikwisha ondoka zamani. Mwaka 1996 kampuni ikaacha kuliuza nchini humo.

Lilirejea mwaka 2002 kwa jina la 350Z, likiuzwa kwa dola 26,000 hivi, na watu wakalipokea kwa furaha. Gari lililoonyeshwa mwaka 2021 limekwenda nyuma zaidi: boneti ndefu, mgongo unaoteremka, taa za mbele zinazokumbusha zile za mwanzo, na gia za mkono kwa anayezitaka. Hata hivyo lina nguvu za farasi 400, uzito wake bado ni zaidi ya kilo 1,500, na lilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2022 bei ilikaribia dola 40,000. Tungefurahi zaidi kama waliolisanifu, walipokuwa wakiipima sura ya lile la 1969, wangaliliweka na kwenye mizani.