Kabla hujashusha ndai, jua shoki inafanya kazi gani

Jumapili jioni simama kando ya barabara pale King'ong'o uangalie magari ya vijana yakipita kuelekea Nyeri mjini. Gari limekaa chini, rimu zinang'aa, ekzosi inanguruma. Linapendeza hadi lifike kwa tuta la kwanza. Hapo dereva anapunguza mwendo, analivuka tuta kwa mshazari kama kaa, na bado unasikia krrr pale chini.

Sasa tuseme mjomba wako wa Othaya amekuachia Datsun 240Z, ile ya milango miwili yenye pua ndefu na injini ya silinda sita. Umeweka akiba na unataka kuivisha koilova. Wazo ni zuri. Lakini ukifanya hivyo kwa sababu ya picha tu, utaharibu gari lililojenga jina lake kwenye barabara zetu wenyewe.

Kumbuka historia. Mwaka wa 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z. Mwaka wa 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akarudia na gari aina hiyo hiyo akiwa na Lofty Drews. Mashindano yalikuwa ya zaidi ya kilomita 5,000 za vumbi, mawe na matope. Hakuna aliyeshinda kwa kulaza gari chini. Gari la Safari huinuliwa, likapewa nafasi ya kupanda na kushuka bila kugonga tumbo.

Basi koilova ni nini? Springi hubeba uzito wa gari. Shoki haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Kwa koilova, springi imevalishwa juu ya shoki, na mwili wa shoki una nyuzi kama za skrubu. Ukizungusha pete iliyo chini ya springi, gari linapanda au linashuka. Aina nzuri huwa pia na kitufe cha kulegeza au kukaza shoki, kliki baada ya kliki. Hayo ni mambo mawili tofauti: kimo na ukali. Wengi huchezea la kwanza na kusahau la pili.

Tuje kwa kazi yenyewe. Kabla hujagusa chochote, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, uandike. Legeza nati za magurudumu gari likiwa chini, kisha liinue mahali tambarare na uliweke juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Fungua paipu ya breki pale inaposhikiliwa ili isivutwe. Nyuma ya 240Z kuna pini ndefu inayopita chini ya nguzo ya shoki. Baada ya miaka 50 huwa imeshikwa na kutu kabisa, kwa hivyo anza kuimwagia mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa mapema. Na ile nati kubwa ya juu, katikati ya springi kuukuu? Usiifungue kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kukuvunja taya au kukuua. Kama huna kifaa, mpelekee fundi.

Jambo lingine ambalo muuzaji anaweza asikuambie: koilova nyingi za gari hili hazifungwi kwa spana tu. Kile kikombe kinachoshika springi ya zamani hukatwa, kisha bomba lenye nyuzi huchomelewa mahali pake. Gurudumu lako litaning'inia kwenye hiyo welding. Usitafute mchomeleaji wa bei ya chini. Na kama pesa hazitoshi, afadhali ubaki na springi zako kuliko kuzikata kwa grainda. Ukiikata, springi inaweza kuchomoka kwenye kikombe gurudumu linaponing'inia.

Ukimaliza, shusha gari likae kwa magurudumu yake ndipo ukaze bolti za bushi kabisa. Ukizikaza gari likiwa hewani, mpira wa bushi utakaa umejipinda na kupasuka mapema. Kisha nenda ukafanyiwe alaimenti, maana kubadilisha kimo hubadilisha mwelekeo wa magurudumu.

Sasa kimo. Barabara ya lami kutoka Kiganjo kupitia Chaka na Naro Moru hadi Nanyuki inaweza kukudanganya kwamba chini ndiko kuzuri. Lakini nyumbani kwa mjomba unafika kwa murram, na msimu wa mvua unaujua. Anza na kimo kile ulichoandika. Ukitaka kushuka, shuka kidogo, kisha beba marafiki watatu upite juu ya tuta. Likigonga, pandisha.

Ukali nao uanze kwa kliki za chini. Chagua kipande kimoja cha barabara chenye kona na murram iliyokunjamana kama mabati, ukipite kwa mwendo uleule kila mara. Ongeza kliki mbili, kulia na kushoto sawasawa, urudi tena. Ukikaza mno, springi haipati muda wa kunyooka kati ya mkunjo na mkunjo. Gari linazidi kuzama na tairi linaacha kushika ardhi. Hapo kwenye kona ya mteremko usukani hautakusikia, na kando ya barabara kuna mtu anatoka sokoni na mzigo wake.

Andika kila badiliko kwenye daftari. Siku ukipata mpangilio unaofaa, utajua bila kuambiwa: gari litapita shimoni, lipande mara moja, litulie. Mabeshte watauliza mbona hujalilaza chini. Waalike ndani, uwapeleke Othaya kwa murram, kisha waulize ni nani kati yao angefika na ndai yake.