Malazi ya Guangzhou
Ndugu zetu wa visiwani waendao Guangzhou kununua bidhaa hukimbilia vyumba vya Xiaobei, kwa kuwa chakula cha halali huko hakikosekani. Hatuwalaumu. Lakini Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, sasa hufanyika Pazhou, ng'ambo ya mto. Nayo yanapofunguliwa, Aprili na Oktoba, bei za hoteli hupanda mno.

Zito zaidi ni hili: mgeni asiyelala hotelini, hata akiwa kwa nduguye, sharti ajiandikishe polisi ndani ya saa 24. Tunaona ni wajibu wa maofisa wetu kuwaarifu wasafiri kabla hawajapanda ndege, si baada ya kutozwa faini.

Aliyebahatika kupata nafasi, Ijumaa na aende Msikiti wa Huaisheng, akautazame mnara wake mkongwe wa mita 36.