Umeuona kwa jicho au kwa skrini?

Jioni ya tarehe 29 Shaabani mwaka huu tulikuwa na picha ya mwezi mwandamo, tuliyoipiga wenyewe juu ya paa la zege la nyumba ya jirani yetu hapa Dar es Salaam, na hatukujua la kufanya nayo. Si picha nzuri. Ni uzi mwembamba wa mwanga, umelala katika anga ya rangi ya majivu, na asiyeonyeshwa kwa kidole huenda asiuone. Lakini upo. Na miongoni mwetu sisi sita tuliokuwa juu ya paa, hakuna aliyeuona kwa macho yake.

Kwa muda mrefu tumekuwa tukipokea barua na simu za wazazi wanaouliza kuhusu darubini na kamera: je, vijana wenye vifaa hivi wanaweza kutusaidia kupunguza mzozo wa kila mwaka wa kufunga na kufungua? Tumeona ni bora kueleza yaliyotupata sisi wenyewe, tangu kufunga kamera kwenye darubini hadi nyumbani kwa imamu wetu, kwa sababu jibu la swali hilo kwa sehemu kubwa limo katika namna kamera inavyopangwa.

Darubini yetu ni ya kioo, yenye upana wa milimita 130 na urefu wa fokasi wa milimita 650. Ililetwa na ami aliyerudi kutoka Maskati, ikakaa kabatini miaka miwili hadi binti yetu wa kidato cha tatu alipoitoa. Kamera ni ya lenzi za kubadilisha, ya kuazima. Lenzi huondolewa, pete ya kuunganishia ikafungwa mahali pake, na kamera yote ikaingizwa kwenye mrija wa darubini, hata darubini ikawa ndiyo lenzi yenyewe.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Kamera ilikataa kupiga, kwa kuwa haikuiona lenzi yake. Ilitubidi kuingia katika mipangilio yake na kuiruhusu kupiga bila lenzi, kisha kuiweka kwenye herufi M, yaani mpangilio wa mkono, ambapo mpigaji ndiye anayeamua kila kitu. Ilipokubali, picha zote zilitoka ukungu mtupu, tuzungushe gurudumu la fokasi tutakavyo. Darubini nyingi za kioo za namna yetu zina kasoro hii: taswira hufanyika ndani ya mrija, mahali ambapo sensa ya kamera haiwezi kufika. Dawa yake ni lenzi ndogo iitwayo Barlow, ambayo husogeza taswira nje na kuikuza mara mbili. Fokasi ikawa milimita 1300, na mwezi uliokuwa uchukue milimita 6 za sensa ukachukua karibu 12. Lakini kila neema ina gharama yake. Mwanga uleule ulipotandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, kila sehemu ilipata robo tu ya mwanga wa awali.

Kuhusu fokasi tulikosea pia. Tuliulenga mnara wa msikiti ulio umbali wa kilomita mbili hivi, tukadhani kilomita mbili ni mbali ya kutosha. Kumbe kwa darubini mnara ni jirani. Tofauti kati ya fokasi ya mnara na fokasi ya nyota haifiki hata milimita moja, lakini inatosha kuufanya mwezi mwembamba uyeyuke katika anga. Usiku uliofuata binti yetu aliilenga nyota angavu, akazungusha gurudumu polepole hadi nyota ikawa nukta ndogo kabisa katika skrini iliyokuzwa, kisha akachora mstari kwenye mrija kwa kalamu ya wino usiofutika. Mstari huo ndio uliotuokoa. Jioni ya mwandamo hakuna nyota ya kukusaidia, na mwezi wenyewe huuoni ili uulenge.

Baada ya fokasi yanabaki mambo mawili ya kupanga, nayo yanavutana: kasi ya shata na kipimo cha ISO. Shata ikikaa wazi muda mrefu, mwanga mwingi huingia. Lakini dunia inazunguka, na mwezi katika skrini yetu hutembea upana wake wote kwa takriban dakika mbili. Darubini yetu haina mota ya kuufuata. Tulipiga hesabu tukaona kwamba kwa ukuzaji ule shata isipungue kasi ya sehemu moja ya 30 ya sekunde, la sivyo uzi wa mwezi hutandazwa na kupotea. ISO ndiyo inayoikuza ishara ya mwanga uliokwisha kuingia. Ukiipandisha, picha hung'aa, lakini huja na chembechembe kama mchanga, na mwezi wa siku ya kwanza ni mwembamba kiasi cha kufichwa na mchanga huo.

Mtu angedhani kwamba kwa kitu hafifu kama hilali, dawa ni kuongeza mwanga tu. Sivyo. Tatizo la mwezi mwandamo si giza, ni mwangaza wa anga inayouzunguka. Ukizidisha mwanga, anga inakuwa nyeupe pee na mwezi unazama ndani yake. Ukiupunguza mno, vyote viwili vinakuwa vyeusi. Kamera ina mchoro mdogo kama kilima unaoonyesha mwanga ulivyogawanyika katika picha. Sisi tulikiweka kilima hicho katikati, kikielekea kidogo upande wa kulia lakini kisiguse ukingo. Dakika kumi baada ya jua kuzama, hilo lilitupa ISO 400 kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde. Kadiri anga ilivyozidi kuwa nyeusi tulipanda hadi 800, kisha 1600, na shata tukaiacha pale pale. Tulibonyeza kwa taima ya sekunde mbili, kwani hata kidole cha mtoto huitikisa darubini.

Jambo moja tunalisema kwa mkazo kwa kila mzazi. Darubini isielekezwe magharibi kabla jua halijazama lote. Jua kupitia darubini huunguza jicho papo hapo, na huharibu kamera. Sisi tuliacha kifuniko cha mbele kikiwa kimefungwa, na ufunguo wa mlango wa paa akapewa Bibi, ambaye hakumruhusu yeyote kugusa chochote mpaka alipojiridhisha mwenyewe kwamba jua limekwenda.

Wasomaji wetu wa Unguja, upande wa mjini, wana bahati ya kulitazama jua likizama baharini. Sisi wa Dar es Salaam ufuo wetu unatazama mashariki, na magharibi yetu ni mabati, minara ya simu na vumbi. Jua lilizama saa 12:45. Hesabu za falaki zilionyesha kwamba mwezi ungezama saa 1:23, kwa hiyo tulikuwa na dakika 38, na nusu yake ya mwisho ingemezwa na ukungu wa mji. Tulitazama kwa macho, upande wa kulia kidogo wa pale jua lilipozamia. Hakuna kitu. Saa 1:03 binti yetu alitulia mbele ya skrini, akaikuza, akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, njoo utazame."

Bibi alivaa miwani, akatazama skrini, akainua uso kuelekea magharibi, akatazama tena skrini. "Humu naona," alisema. "Kule sioni."

Tulipiga picha 16 mfululizo kabla haujazama katika ukungu. Baadaye binti yetu alizipanga picha hizo moja juu ya nyingine katika kompyuta. Mwezi haubadiliki toka picha hadi picha, lakini zile chembechembe hubadilika, na wastani wa picha 16 huzipunguza hadi robo. Kisha akaongeza tofauti kati ya nyeupe na nyeusi, na uzi ukatokea wazi zaidi. Hakuongeza kitu kisichokuwapo, lakini alilazimika kufanya yote hayo ili kionekane.

Tulikwenda kwa imamu wetu baada ya swala ya Isha. Binti alimwamkia, akamwonyesha. Sheikh aliitazama picha kwa muda mrefu, akauliza maswali ya fundi: ilipigwa saa ngapi, mkiwa wapi, mkielekea wapi. Ndipo tulipogundua aibu yetu. Kamera ilikuwa imekaa bila betri kwa muda, na saa yake ya ndani ilikuwa imerudi tarehe 1 Januari ya mwaka uliopita. Tulikuwa tumepanga ISO, shata na fokasi, tukasahau kupanga saa. Kila faili tuliyokuwa nayo ilijitangaza kuwa ya usiku mwingine kabisa.

Sheikh alitabasamu, akaiacha hiyo. Akamgeukia binti. "Mwanangu, nikiulizwa nitasema nini? Umeuona kwa jicho au kwa skrini?"

"Kwa skrini, Sheikh."

"Basi nitasema hivyo hivyo."

Tangazo la usiku ule lilitoka kwa ushahidi wa watu wa mikoa mingine, na asubuhi tuliamka tukiwa tumefunga. Picha yetu haikuhitajiwa. Lakini swali la Sheikh tulirudi nalo nyumbani. Aya ya 189 ya Surat al-Baqara imeitaja miezi miandamo kuwa ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija, na wanazuoni wamekuwa na maelezo mengi juu ya nini kinahesabiwa kuwa ni kuuona. Wapo wanaokubali darubini kwa kuwa jicho bado ndilo linalotazama. Wapo wanaotaka jicho tupu. Hukumu si yetu, ni ya wenye elimu. Sisi tunaweza kusema tu kamera inafanya nini.

Nayo inafanya mengi. Tarehe 8 Julai 2013, saa 1:14 asubuhi kwa saa ya kimataifa, Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi katika dakika yenyewe ya mkutano wake na jua, mchana kweupe, ukiwa umbali wa nyuzi 4.4 tu kutoka kwenye jua. Alitumia kizuizi cha kulikinga jua lisiingie katika darubini na chujio la mwanga wa infraredi, ambao anga huutawanya kidogo zaidi. Mwezi huo ulikuwa wa Ramadhani ya mwaka 1434. Mapema katika karne iliyopita Mfaransa mwingine, mnajimu André Danjon, alikuwa amekadiria kwamba mwezi ulio chini ya nyuzi 7 hivi kutoka kwenye jua hauonekani kwa jicho. Basi picha ya Legault ni ya kweli kabisa, na wakati huohuo ni picha ya mwezi ambao hakuna mwanadamu angeweza kuuona. Anayesema "picha ipo, ubishi wa nini?" aanzie hapo.

Ndiyo maana tunashauri kwamba picha ya hilali inayotumwa katika simu iulizwe kwanza. Usiku uleule makundi ya WhatsApp yalijaa picha moja ya mwezi uliosimama wima kama mundu uliotundikwa ukutani, ikidaiwa ni ya mkoa wa kusini. Binti yetu alicheka. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, mwezi mwandamo hulala pembe juu, kama herufi nun au kama ngalawa iliyoinama kidogo. Unaosimama vile ni wa nchi za mbali kaskazini au kusini, isipokuwa kama kamera iligeuzwa ubavu. Na darubini nazo hupindua picha, kwa hiyo mpigaji aeleze upande upi ulikuwa juu. Baadhi ya simu za kisasa huutambua mwezi na kuuongezea ukali kwa programu zake. Picha isiyo na saa, mahali, aina ya kifaa na mipangilio haimsaidii imamu yeyote, hata kama ni nzuri kuliko yetu.

Tarehe 29 Ramadhani hatukupanda paa. Hesabu zilionyesha mwezi ungezama dakika chache tu baada ya jua, tukakamilisha thelathini. Tulipanda tena tarehe 29 Shawwal, kutafuta mwezi wa Dhulqaada, ambao hakuna anayegombana juu yake. Safari hii saa ya kamera ilikuwa imelinganishwa na ya simu, mstari wa wino ulikuwa mahali pake, na betri ilikuwa imejaa. Jua lilizama saa 12:18. Ilikuwa masika, na mawingu yalikuwa yakipita magharibi kama makundi ya ng'ombe.

Binti yetu alikuwa bado anahesabu shata aliposikia Bibi akisema Allahu akbar. Bibi alikuwa amesimama pembeni, ameegemea ukuta, kidole kimenyooka juu ya paa la bati la jirani, na sisi wawili tuliofuata kidole chake tuliuona pia, katika mwanya wa mawingu, kwa muda wa pumzi tatu au nne. Darubini ilipogeuzwa na taima kumaliza sekunde zake mbili, mwanya ulikuwa umeziba. Faili ipo, na saa yake ni sahihi: saa 12:41, ISO 800, sehemu moja ya 30 ya sekunde. Ni picha ya wingu.