Fedha haing'ai mwambani

Jamaa zangu wawili wa Mombasa wametumiwa video ya jiwe la Ekerenyo, Nyamira, likimulikwa kurunzi, wakaambiwa lina fedha. Madini ya mikufu, si pesa. Miamba mingi ya huko ni ya volkano ya kale mno, kwa hiyo hadithi inaingia akilini. Kwenye volkano, maji moto hupita nyufani yakibeba madini. Yakichemka au kupoa huyaacha, pamoja na jiwe jeupe la kwatzi. Huo ndio mshipa. Lakini fedha yake aghalabu imeshikana na salfa, kijivu au nyeusi, haina mvuto. Macalder, kule Migori, ilichimbwa pamoja na shaba na dhahabu, kwa mitambo. Nimewaambia wadai cheti cha maabara. Muuzaji hajajibu tangu Jumatatu.